Kumfuata Bukuru Kibondo

Baba yangu alizaliwa pacha. Kwa Waha, pacha anayetangulia kutoka anaitwa Bukuru na anayefuata ni Butoyi, awe wa kike awe wa kiume, halina mjadala. Baba ni Butoyi. Bukuru ni dada yake, shangazi yangu, na mpaka natimiza miaka thelathini na sita sikuwahi kumtia machoni. Baba alitoka Kibondo angali kijana, akaja Tanga kukata mkonge, akasema atamaliza mkataba mmoja arudi na baiskeli. Baiskeli aliipata, ila kurudi hakurudi. Alioa, tukazaliwa, mkataba ukazaa mkataba, na kila jioni akinawa miguu uani alikuwa anasema, "Saa hizi Bukuru anaingiza mbuzi." Nimekua na huyo Bukuru nyumbani kwetu kama mtu aliyetoka kidogo tu.

Katikati ya miaka ya tisini macho ya baba yalifunikwa na mtoto wa jicho, na kifua nacho kikaanza kumbana. Mwaka huohuo ikaja barua iliyoandikwa na mwalimu mmoja wa kule: Bukuru yu hai, ni mjane, anaishi peke yake, anamsalimu Butoyi kama bado yupo. Nilimsomea baba barua ile mara tatu. Ya tatu ilipokwisha akasema, "Skola, kumwona siwezi tena. Lakini nikimsikia inatosha. Niletee kabla kifua hiki hakijaniziba." Mimi ndiye mkubwa kwetu, na sikuwa na mume wa kumwomba ruhusa. Nikaomba likizo.

Tatizo lilikuwa redio. Wiki ile ilikuwa inatangaza kipindupindu mkoa wa Kigoma, kwenye kambi za wakimbizi na vijijini. Mganga wa zahanati yetu ya shamba alinishika mkono akaanza kuniambia nichemshe maji, nifunike, ninawe kwa sabuni, nile cha moto. Nikamwuliza, "Unanifundisha mimi?" Kazi yangu pale ilikuwa kuosha na kuchemsha: sindano, mikasi, mashuka. Miaka kumi na minne nilikuwa nawaambia akina mama wachemshe maji ya watoto. Nilikuwa na sauti ya kuambia, si ya kuuliza, na ndiyo sauti niliyoondoka nayo.

Korogwe, asubuhi ya kuondoka. Nilibeba dumu la lita tano la maji yaliyochemshwa, kikombe changu cha bati, kibirika, miche miwili ya sabuni na pakiti kumi za chumvichumvi, zile za kumnywesha mtu anayeharisha. Nguo zilikuwa chache kuliko dawa. Baba alikaa kwenye kiti chake mlangoni, akageuzia sikio upande wa barabara. Sikumuaga kwa maneno mengi, maana ningelia, nami sipendi kulia mbele ya kondakta.

Morogoro nilipanda treni ya Kigoma, daraja la tatu, siti ya dirishani. Kila kituo kilikuja na majaribu yake. Dodoma zabibu, Saranda kuku wa kukaanga, na kila mahali maji ya ndoo yenye kikombe kimoja kinachozunguka midomo yote. Mimi nilikula mayai ya kuchemsha niliyoyamenya mwenyewe, ndizi mbivu, na mahindi yaliyotoka motoni wakati huohuo. Jirani yangu, mama mmoja wa Urambo, aliniangalia siku nzima nikisugua mikono dirishani, kisha akasema, "Dada, kwa usafi huu utafika umebaki mifupa." Nikamjibu mifupa yangu itafika ikiwa hai. Tulicheka, lakini kuku wa Saranda alipopita nilimeza mate.

Baada ya Tabora nilianza kumuwaza baba kijana, amepanda reli hiihii kwenda upande wa pili. Hakuniambia kamwe kama alilia. Niliangalia miombo inavyorudi nyuma nikajiuliza alikuwa anahesabu nini, vituo au siku. Uchungu ulinishika bila sababu ya kueleweka: nilikuwa nakwenda mahali ambapo sijawahi kukaa, na bado nilipakumbuka. Labda ukilishwa kumbukumbu za mtu tangu utotoni zinakuwa zako.

Kigoma sikukaa. Nilipanda basi la Kasulu asubuhi iliyofuata, likapanda milima, baridi ikaanza kuingia kwenye mikono ya gauni. Kabla ya mji kulikuwa na kizuizi. Sote tulishushwa, tukakanyaga gunia lililoloweshwa dawa, tukanawa kwa maji yanayonuka klorini. Abiria walinung'unika. Mimi niliwashukuru wale mabwana afya mpaka mmoja akaniuliza kama natafuta kazi.

Kasulu nililala kwa Bi Tatu, mwanamke wa Ujiji ambaye mumewe ana duka la vitenge na yeye anapangisha vyumba uani. Alinipa chai ya moto yenye tangawizi, akaniuliza ninakoelekea. Nilipomwambia, akatikisa kichwa.

"Mwenzangu, huko maji si kitu. Watakupa pombe ya ndizi. Na mwenye nyumba ataonja kwanza mbele yako, ndiyo akupe. Ukikataa, umesema amekuwekea sumu."

"Nitawaeleza kuhusu kipindupindu."

"Haya, waeleze," akasema Bi Tatu, na akaniongezea chai. Sikupenda alivyotabasamu.

Kutoka Kasulu kwenda Kibondo tulipanda lori, kwa msafara, askari wawili mbele kwa sababu ya majambazi wa porini. Tulipishana na magari ya maji na magari ya mahema. Pembeni walitembea watu waliotoka Burundi, mikeka kichwani, wakizungumza maneno niliyoyajua nusunusu, maana yanafanana na yale ya baba akiwa amekasirika. Mwanamke mmoja alikuwa anamwambia mwanawe *ngwino, ngwino*, njoo. Baba alikuwa ananiita hivyohivyo. Niligeuza uso upande wa turubai.

Kibondo mjini nilikodi baiskeli na mwenye baiskeli, tukashuka mabonde mawili na kupanda kilima kimoja. Adhuhuri nikafika. Mwanamke mzee alikuwa amesimama kwenye migomba na jembe begani, anajikuna sikio kwa kidole cha kati, kama baba. Nilimwona baba amevaa kitenge. Kabla sijasema jina langu, alidondosha jembe.

"Wewe ni wa Butoyi," akasema.

Alinishika uso kwa mikono yenye udongo, akanigeuza huku na huku. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, Kiha changu hakikuzidi salamu, lakini tulielewana.

"Butoyi ana meno?"

"Yamebaki machache, shangazi."

"Na mimi," akasema, akanionyesha. Tukalia hapo, na majirani wakaja kutuangalia tukilia.

Jioni hiyo uani palijaa watu. Shangazi alitoa kibuyu cha pombe ya ndizi na mrija wake. Alivuta kwanza yeye, akaufuta mdomo wa mrija kwa kiganja, akaninyooshea. Mrija huohuo ulikuwa uzunguke kwa watu kumi na zaidi. Nikakunja mikono, nikaanza hotuba yangu ya zahanati: kipindupindu, vimelea, vinyesi, maji. Nilitaja vinyesi mbele ya wazee waliokuwa wakingoja zamu ya mrija. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa ameshanyoosha mkono, akaurudisha taratibu. Shangazi aliuvuta ule mkono wake, akanywa peke yake, akaniletea kiazi cha kuchoma.

Asubuhi nilimwambia nilichokuja kukifanya: baba anamwita, nauli ninayo, tuondoke haraka kwa kuwa kifua chake si cha kungoja.

"*Oya*," akasema. Hapana.

"Kwa nini, shangazi?"

"Unaogopa kibuyu changu. Mimi nitalala na wewe kwenye treni siku tatu? Nikiugua njiani utaniogopa na mimi. Utaniacha kituoni."

Nilijitetea, nikajieleza, nikarudia hotuba. Siku tatu nilimfuata shambani na ya nne nilikuwa bado namfuata, na jibu lake lilikuwa lilelile, bila hasira, na ndiyo maana liliniuma. Dumu langu lilikuwa linaisha. Usingizi ulinipaa nikimfikiria baba na kile kiti chake mlangoni, na mimi huku nashindwa kazi kwa sababu ya mrija. Mwishowe nikakubali nusu. Nikamwambia: "Shangazi, pombe siwezi. Lakini nichemshie maji kwa mkono wako. Waite wale wote. Nitakunywa mbele yao."

Alifikiri kidogo, akasema *ego*, ndiyo. Alichota maji chemchemi ya bondeni, akaweka chungu jikoni, akapuliza moto. Nilisimama pale mpaka maji yakatokota, nikayahesabia muda kama ninavyohesabia sindano. Niliridhika. Nikaenda kuoga na kubadili gauni, maana nilitaka kuonekana vizuri.

Niliporudi watu walikuwa wamekaa. Shangazi alikuja na kata ya maji. Alionja yeye, nikapokea, nikanywa yote. Maji yalikuwa baridi na matamu, nami nilikuwa na kiu ya siku nyingi. Nikaomba ya pili. Yule mzee jirani akapiga makofi, shangazi akacheka kicheko cha baba, akatangaza, "Jumamosi naenda kwa Butoyi." Sikujiuliza hata kidogo jinsi maji yaliyotokota muda ule yalivyopoa upesi namna ile.

Siku ya pili, kulipopambazuka, tumbo lilifunguka. Siandiki yote. Anayejua kipindupindu anajua, na asiyejua na akae bila kujua. Yalikuwa yanatoka maji yenye rangi ya mchele uliooshwa, bila maumivu makubwa, kama bomba lililovunjika. Kufikia saa tatu miguu ilikuwa inakakamaa na sauti imekauka. Nilimwelekeza shangazi pakiti za chumvichumvi, akazikoroga na yale yaliyobaki dumuni, nikanywa na kutapika na kunywa tena. Majirani walinifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mmoja akiendesha na mwingine akinishika mgongo, wakanipeleka kituo cha afya.

Kituoni walikuwa wamejenga mahema nyuma ya majengo, chokaa imemwagwa kila mahali, kamba imezungushwa. Mimi niliyezoea kulaza watu nililazwa kwenye kitanda cha turubai chenye tundu katikati na ndoo chini. Dripu mkono huu, dripu mkono ule. Muuguzi wa pale, Filbert, alikuwa mpole lakini hana masihara. "Kunywa," alikuwa anasema, kikombe baada ya kikombe. "Kazi yako ni hiyo tu." Nilikuwa nataka kumwambia mimi pia ni wa zahanati. Aibu ikanizuia.

Shangazi alikaa nje ya kamba. Alikaa siku ya kwanza, ya pili, akiwa amejifunika kitenge mvua ikinyesha, na hakukubali kuondoka. Siku ya tatu, nilipoweza kukaa, Filbert alisogea kwenye kamba akamwuliza tulikunywa nini. Shangazi alijibu polepole, kwa Kiswahili chake kilekile, nami nikasikia kila neno.

"Nilichemsha. Yeye ameona. Halafu nikayazimua kwa maji ya mtungini, yapoe. Mgeni hapewi maji ya moto kama mgonjwa. Nilitaka anywe vizuri."

Nilijilaza. Kwanza nilikasirika, nikataka kupiga kelele, sauti ikagoma. Kisha nikaanza kucheka mwenyewe chini ya dripu, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaita muuguzi. Miaka kumi na minne nimesema chemsha, chemsha, chemsha. Ni wangapi niliwaeleza kwamba maji yaliyochemshwa yanapoa yenyewe, yamefunikwa, ndani ya chungu kilekile, na kwamba kata moja ya maji mabichi inarudisha kila kitu? Nilidhani linajulikana. Huyu mwanamke alifanya nililomwambia, kisha akaongeza upendo wake juu. Kosa la kutoa agizo nusu lilikuwa langu.

Filbert alimweleza vizuri kuliko mimi, kwa Kiha, akiwa amechuchumaa. Alimwuliza na yeye anavyofanya nyumbani, akamsikiliza mpaka mwisho, ndipo akamwonyesha. Niliangalia nikajifunza kazi yangu upya.

Nilikaa mahemani siku saba. Kila siku niliyolala pale ilikuwa siku ninayomwibia baba. Simu haikuwepo, barua ingechukua wiki, na usingizini nilikuwa nasikia kikohozi chake. Nilimkumbuka mpaka nikamchukia kwa kunituma. Siku ya saba wakaninyunyizia dawa nguo na viatu, wakaniruhusu. Nje ya kamba shangazi hakuninyanyukia.

"Siendi," akasema. "Nilitaka kumuua mtoto wa Butoyi. Nitamwambia nini?"

"Utamwambia hivyohivyo ilivyokuwa."

"Nina aibu."

"Na mimi nina aibu, shangazi. Nilikuja kwako na dumu langu kama mtu anayekuja kwa adui. Kama huendi, nikifika nitamwambia nini mimi?"

Akainuka, akakung'uta kitenge. Kisha akauliza kama treni ina mahali pa kuwasha moto.

Jumamosi iliyofuata tuliondoka. Alifunga mlango, akampa yule mzee jirani ufunguo na mbuzi wawili, akazunguka nyumba mara moja. Watoto wake wawili wameolewa Biharamulo na hawakupata habari. Kasulu, kwa Bi Tatu, shangazi aliomba jiko la mkaa kabla hajaomba kukaa. Alichemsha, akafunika kwa kitambaa, akakaa pembeni ya sufuria mpaka ikapoa, na Bi Tatu alipotaka kuiweka kwenye beseni la maji baridi ili iwahi, shangazi akamkingia mkono. Bi Tatu akanigeukia. "Umewaeleza kweli," akasema.

Kwenye treni ndiyo usiseme. Tabora kijana muuza maji aliingiza kikombe chake dirishani, shangazi akakirudisha nje kwa vidole viwili. Alininusia chakula kabla sijala. Alininawisha mikono mimi, mtu mzima, mbele ya behewa zima, kisha akamnawisha na mama aliyekaa mbele yetu bila kumwuliza jina. Mchana aliangalia nje akauliza, "Butoyi alipita hapa?" Nilipomjibu ndiyo, akauliza kituo kinachofuata, na huko akauliza tena. Kila mahali ndugu yake alikuwa amepita, na kila mahali alipaangalia vizuri.

Korogwe tulifika alasiri. Nilishuka kwenye gari la shamba, macho yangu yakitafuta kile kiti. Baba alikuwepo. Amekonda, blanketi mabegani, sikio limegeuzwa barabarani. Shangazi akanipita, akasimama hatua tatu mbele yake, akasema neno moja: "Butoyi."

Baba alinyoosha mikono hewani. Walishikana, wakainamiana vipaji vya nyuso, wakanong'ona Kiha cha haraka ambacho sikukifuata, wakacheka, wakalia, wakapapasana masikio. Nilikwenda jikoni kuwasha moto, nikalia huko. Nilifikiri kazi imekwisha. Niliporudi na chai, baba alikuwa kashika mkono wa dada yake, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Bukuru, umekuja," akasema kwa Kiswahili, labda ili na mimi nisikie. "Sasa nyumbani kumebaki nani?"

"Hakuna," shangazi akasema. "Nimefunga mlango."

Baba aliitikia kwa kichwa. Jioni ile alinawa miguu uani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakusema lolote kuhusu mbuzi. Nayo jioni iliyofuata hakusema. Wiki zikapita. Walikuwa wanaulizana habari za watu, na majibu ya shangazi yalikuwa mafupi: amekufa, amehama, simjui alipo. Kifua cha baba kilipata nafuu na alikula vizuri, lakini alikaa akiwa amegeuzia kiti ndani. Nilichokuwa nimemletea kilikuwa dada, na nilikuwa nimemwondolea mahali pa kumfikiria. Sikulijua hilo wakati napanga mizigo, na hakuna mganga ambaye angenionya.

Mwezi wa tatu shangazi akasema anataka kurudi kupanda maharage. Nilijiandaa kumbembeleza, nikamtazama baba anisaidie. Baba alikuwa ameshasimama, anapapasa ukuta kutafuta fimbo yake amsindikize.

Tulikwenda wote watatu mpaka barabarani kungoja gari. Walishikana mikono mpaka likafika. Shangazi alipopanda, baba alimshika kitenge kwa nyuma, akakiachia.

"Nenda, Bukuru," akasema. "Kawashe moto, nipate pa kukumbuka."

Nilimpeleka mwenyewe mpaka Kibondo na nikarudi, na nilipofika nyumbani baba alikuwa mlangoni, kiti kimegeuzwa tena barabarani. Aliniuliza kama moshi ulitoka. Nikamwambia ulitoka.